Hadithi Inayopoza Chai

Wameandika kwamba aliishi kimya Australia. Kimya kipi? Mwanawe ndiye aliyenitafsiria habari hiyo ya kifo chake kutoka gazeti la kwao Uturuki, tumekaa kwenye benchi nje ya kituo cha treni cha St Marys, na alipofika kwenye neno hilo nilimwambia arudie, labda ameteleza. Akarudia. "Quietly, mate. That's what it says." Mwanamke aliyekuwa akigombana na redio yake asubuhi mpaka jirani wa ghorofa ya juu akaujua msimamo wake juu ya bei ya nyanya, leo ati aliishi kimya. Chini kidogo wakaongeza kwamba katika siku zake za mwisho alipatana na kaka yake, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa. La ukimya ningewasamehe. Hili la pili siwezi, kwa sababu najua alivyoenda kwa huyo kaka, na najua alirudi na nini.

Kwa hiyo haya ni yangu, na anayeyapinga naye aandike ya kwake. Alizaliwa mwaka gani sijui. Kila nilipomuuliza alinitajia mwaka mwingine, na siku niliyombana alisema umri wa mwandishi huandikwa na wengine akishakufa. Sasa wameuandika, na naamini wamekosea. Ukoo wake nao naujua kipande kimoja tu, huyo kaka, na atakuja mbele. Ninachokijua vizuri ni sauti yake, ukaidi wake na jiko lake, ambamo nimeketi Jumapili nyingi nikisikiliza hadithi katika lugha nisiyoielewa.

Yeye aliniamuru nimwite Teyze, ndilo neno lao la mama mdogo. Lakini nikimtaja kwa watu nilisema Mwandishi. Mtaani kwetu alikuwepo nesi, alikuwepo dereva wa lori, alikuwepo fundi bomba, na alikuwepo Mwandishi. Alitunga hadithi fupi kwa Kituruki, hakutunga kitu kingine. Vitabu vyake vilikuwa vyembamba, vilichapwa Istanbul na kusomwa na watu asiowaona, huku majirani anaowaona hawawezi kusoma hata jalada. Mtu mwingine angelia. Yeye aliipenda hali hiyo, tena kwa makusudi. Waturuki wengi wa Sydney wamejaa Auburn, na ndiko alikokuwa anaishi zamani, akahama. "Auburn nina wasomaji," alisema. "Msomaji anakusalimia sokoni huku anakukagua kikapu. Hapa nina majirani. Jirani anataka niingize pipa la taka ndani, basi."

Mimi nilikutana naye mdomo wake ukiwa wazi. Nafanya kazi kliniki ya meno Parramatta, namsaidia daktari, na siku hiyo daktari alitaka kumng'oa meno mawili ya mbele yaliyooza na kumwekea ya bandia. Akamsukuma daktari mkono. Akasema ya bandia yatampigisha mluzi kwenye herufi fulani za kwao, na yeye husoma kwa sauti kila wiki, kwa hiyo meno yaachwe yaanguke yenyewe yakipenda. Daktari akamweleza hatari zake. Alipoona hakubali, akamweleza tena polepole, kwa sauti ya kumsemesha mtoto.

"Nimekusikia," Mwandishi akasema. "Wewe ndiye hujanisikia."

Nikacheka ndani ya barakoa, naye akayaona macho yangu. Jioni tukashuka treni moja St Marys, akanisubiri pale kituoni. "Wewe uliyecheka," akasema, "unakaa wapi?" Kumbe tulikuwa tunakaa mtaa mmoja, nyumba zinatazamana.

Tuliongea Kiingereza, chake cha kukatakata na changu cha ofisini. Hapa namwandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyomsikia nikimkumbuka. Hata hivyo haikuchukua muda akagundua kwamba tuna maneno ya pamoja, kalamu na kitabu, dakika na wakati, dunia, sabuni. Alinishutumu kwamba tumewaibia. Nikamwambia hatukuwaibia, sote tulikopa kwa Mwarabu mmoja na hakuna aliyerudisha. Alicheka mpaka yale meno mawili yakatikisika.

Aliandika amesimama, kwenye meza ya kupigia pasi. Alisema mtu akikaa kwenye dawati huanza kuandika kiofisa. Ukweli ni kwamba kabla sijamjua alifanya kazi miaka mingi kiwanda cha kushona viti vya magari, huko magharibi ya mji, kutwa wima, na akazoea kuwaza akiwa wima. Alipostaafu kichwa kikakataa kufanya kazi mwili umekaa. Pasi yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini. Nguo zake zilikuwa na makunyanzi Januari hadi Desemba, na ukimtazama sana alikuuliza kama umekuja kusoma blauzi.

Hadithi ikishaandikwa, hakumsomea Mturuki. Hapa ndipo watu wanaponiona mwongo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mturuki, alisema, ataanza kuuliza huyu ni nani, yule ni wa chama gani, na neno hili mbona la kizamani. Yeye alitaka sikio lisilojua maneno, ili asikie hadithi inapumua wapi na inasinzia wapi. Basi Jumapili asubuhi aliniketisha jikoni, akanimiminia chai nyekundu kwenye kibilauri chao kile chembamba cha kiuno, akaniwekea sukari na kijiko kando, kisha akasimama nyuma ya meza yake ya pasi na kusoma. Mdomo ulisoma, lakini macho yalikuwa kwenye mkono wangu. Nikigusa kijiko, anapiga mstari kwa penseli hapohapo: hadithi imesinzia, mgeni ameanza kuwaza sukari. Nikinywa, anapiga mistari miwili. Hadithi iliyokamilika ilikuwa ile iliyoacha chai ikapoa kwenye kibilauri bila kuguswa. Chai hiyo baridi aliimwaga kwenye sinki kwa furaha ambayo hakuionyesha kwa jambo lingine lolote.

Siku ya kwanza nilikoroga mapema, akafuta ukurasa mzima. "Teyze, nilikuwa na kiu tu," nikamwambia. Akasema kiu yangu ni shida ya hadithi, si yangu. Jumapili iliyofuata nikaleta adabu zangu za Tanga, nikaikunja mikono mapajani nisiguse kitu, ili nisimharibie. Alisoma kidogo, akaacha. "Sikukuita unihurumie," akasema. "Heshima hiyo mpelekee mama mkwe wako. Hapa nataka mkono wako usiwe na adabu."

Binti yangu, anayesikia Kiswahili vizuri na kunijibu Kiingereza kila siku ya Mungu, aliniuliza mara moja, "What's it about, that story?" Nikamwambia sijui. "Then why do you keep going?" Nilimwambia kwamba kazini mtu ananilipa nishike bomba la kunyonya mate, na nyumbani nyote mnaniita mkitaka chakula, lakini yule bibi ananiita kwa sababu nikichoka yeye anafuta. Akanitazama akasema, "Okay, that's actually kind of cool." Tangu siku hiyo akawa ananikumbusha Jumapili nisichelewe.

Maktaba moja ya Parramatta ilimwalika siku moja azungumze na watu. Walimwomba aje na vazi la kwao, akaja na blauzi yake ya makunyanzi. Kijana mwenye kipaza sauti akamwomba awaeleze kuhusu safari yake. "Nilipanda treni St Marys," akasema, "nikapata kiti cha dirishani, nikashuka hapa." Watu wakacheka wakidhani anatania, wakangoja aendelee. Hakuendelea. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza kwa upole ni lini ataandika kuhusu Australia, maana hadithi zake zote ni za mji mdogo wa kwao, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, na ghala lake la tumbaku. Mwandishi akamwambia hadithi zote hizo zimeandikwa St Marys, kwenye joto la St Marys, na bili ya umeme ya St Marys. "Au ulitaka niweke kangaruu?" Hawakumwalika tena. Alihesabu jambo hilo kuwa ushindi.

Alikuwa hana dogo. Kila majira ya kuchipua majani, wale ndege weusi wenye mabaka meupe hutaga kwenye mti wa kona na kuwarukia wapita njia vichwani. Watu wazima wanazunguka barabara nyingine, watoto wanavaa helmeti. Yeye alipita palepale, kichwa wazi, akiwafokea kwa Kituruki. Nilimuuliza anawaambia nini. Alisema anawaambia kwamba yeye pia ni mama, na kwamba alifika mtaani kabla yao. Siku moja walimtoa damu utosini. Kesho yake akapita tena.

Hata hivyo msimpake rangi moja. Alisema hana dini, lakini kipande cha mkate kikianguka alikiokota, akakibusu, akakigusisha paji la uso na kukiweka juu ya kabati ambapo mguu haufiki. Hakusali, lakini Idi haikupita bila bakuli la peremende mezani. Alihubiri ukweli asubuhi na mchana akamdanganya daktari wake kuhusu sukari, mbele yangu, bila kupepesa macho. Kwenye hadithi zake, kwa alivyonisimulia baadaye, wanaume wanaobembelezwa na mama zao huishia vibaya. Lakini yeye alimmenyea machungwa mwanawe, mtu mzima mwenye ofisi na mvi. Hakuomba radhi kwa binadamu yeyote niliyemwona naye, ila mche wa nyanya aliuomba radhi alipousahau siku ya joto.

Sasa nije kwa kaka.

Katika hadithi zake ipo moja aliyoiandika zamani, akiwa bado kijana. Haikuandikwa kwenye jiko lile, kwa hiyo sikuipimia kijiko, lakini alinisimulia kwa Kiingereza hatua kwa hatua. Wafanyakazi wa ghala la tumbaku wamegoma. Wamelala mbele ya lango kuu wasiingizwe watu wengine kuchukua kazi yao. Alfajiri mwenzao mmoja anafungua mlango wa nyuma. Mgomo unavunjika, wenzake wanafukuzwa, yeye anafanywa msimamizi. Yote tunayaona kwa macho ya msichana anayempelekea chakula mtu huyo, anayekuta ufunguo wa mlango wa nyuma kwenye koti lake na kuurudisha mfukoni bila kusema neno. Hadithi haina jina la mtu. Lakini ndani yake mtu huyo anafunga kamba za viatu mafundo mawili mawili, na katika mji ule alikuwepo msimamizi mmoja tu aliyefunga hivyo. Alikuwa kaka yake. Msichana wa chakula alikuwa yeye.

Kitabu kilipofika mjini, kaka alimfungia mlango. Ndugu wengine wakafuata. Alioa mpwa, akazikwa shangazi, yeye hakuitwa. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu kabla mwanawe hajaanza shule. Kwetu tunasema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Yeye alikimbiwa na ukoo mzima.

Kisha, akiwa tayari ni bibi, mchapishaji wa Istanbul akataka kuzikusanya hadithi zake zote katika kitabu kimoja kinene. Habari zikaufikia ukoo. Mpwa wake akamwandikia kwa simu, kwa maneno ya heshima tupu: baba ni mgonjwa, hatoki nyumbani, anamuulizia dada yake. Chumba kimetandikwa. Aje, wote wanamngoja. Wanaomba kitu kimoja tu, ile hadithi ya mlango wa nyuma isiwemo kwenye kitabu kipya.

Mwana wa Mwandishi alikuja kwangu, hakwenda kwa mama yake. Yeye anamwita kila mtu "mate", yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, mimi, daktari, hata mfuasi wa dini anayegonga mlango. "Mate, she listens to you," akasema. "It's one story. One. He's dying, and she's not young. Just tell her." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwahi kumjua mjomba wake, wala nyumba ile, na niliona kwamba anayetaka kwenda kule ni yeye pia.

Nami, nisidanganye, nilikubaliana naye. Jumapili ile kabla hajaanza kusoma nikamwambia, "Teyze, mimi ningeitoa."

Akaiweka penseli chini. "Sababu?"

"Ni ndugu yako. Damu nzito kuliko maji. Watu wameshaisoma hadithi hiyo, imefanya kazi yake. Itoe, mwone kaka yako, mzikane vizuri."

"Na wale waliofukuzwa?"

"Wengi wao si wameshakufa?"

"Ndiyo. Kwa hiyo hawawezi kufunga safari kuja kuniomba niiache." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na ndivyo nilivyojua kwamba imemuuma. "Binti yangu, wale watu hawana kaburi lenye maneno, hawana barabara yenye jina lao. Wana kurasa zile. Mmoja wao alikuwa na watoto wadogo, akaenda kufanya kazi mgodini, hakurudi. Kaka yangu ana nyumba, ana wajukuu, ana watu wa kumtetea. Yeye anataka na kurasa pia."

Nikajaribu tena. Nikasema kitabu kina hadithi nyingi, moja ikitoka hakuna atakayeona pengo.

Akafungua mdomo akanionyesha yale meno mawili. "Nilikataa kung'olewa haya, yameoza," akasema. "Leo ning'oe zima?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya mwanawe aliyekuja kwangu na macho mekundu, na kwa niaba yangu pia, kwa kuwa mimi nina kaka Tanga ambaye tumenuniana kwa jambo dogo kuliko hilo na ningetoa kitabu kizima ili simu yake ilie. Nikamwambia mama yangu angekuwepo angemwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

"Maana yake nini?"

Nikamweleza, bado nimenuna, kwamba mtu mbishi hapati faida ya lolote, anangoja mpaka siku ile ambayo hata asiyesikia la mtu hufunguliwa mlango na kulishwa pamoja na wengine.

Nilidhani atanijibu kwa kejeli. Badala yake akachukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Akafuta tena. "Idi ni lini?" akauliza.

Nikamwambia. Ndipo akanieleza desturi ya kwao. Siku ya Idi, mdogo huenda kwa mkubwa. Humbusu mkono, kisha huuweka mkono huo kwenye paji lake la uso. Mkubwa humpa peremende na chai. Siku hiyo hakuna nyumba inayofunga mlango, hata kwa adui, maana anayemrudisha mgeni wa Idi atasemwa mji mzima mpaka afe na baada ya kufa. "Yeye ni mkubwa, mimi ni mdogo," akasema. "Wao wanasema niitoe hadithi ndipo niingie. Siku hiyo sihitaji ruhusa yao."

Akamwandikia mchapishaji kwamba ni hadithi zote au hakuna hata moja. Mchapishaji alinung'unika, mwisho akachapa zote. Mpwa naye akaandika kwamba chumba kimeshapata mtu mwingine. Mwandishi akakata tiketi.

Mwanawe alimwambia ni wazimu. Alimwambia watamwaibisha, atasimama barabarani na mzigo wake, mwanamke wa umri ule, nani atamwokota. Alipoona hasikii, akasema hatampeleka uwanja wa ndege, hataki kuwa na mkono kwenye jambo hilo. Mwandishi akaita teksi.

Asubuhi hiyo nilivuka barabara kumuaga. Mwanawe alikuwepo, amesimama ukingoni mwa njia, mkono mmoja kwapani, mwingine umeshika kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi. Hakumsaidia mzigo. Mama yake akampita, akamrekebishia kola, akaingia garini. Kwao mtu akisafiri, anayebaki humwaga maji nyuma yake barabarani, aende kama maji na arudi kama maji. Nilikuwa nalijua hilo kwa sababu Mwandishi alinimwagia jagi zima kila nilipokwenda Tanzania, na mara moja alimlowesha dereva. Siku hiyo mimi nilikuja mikono mitupu. Nilisahau. Teksi ikaanza kuondoka na hakuna aliyeshika maji, na nikamwona mwanawe anatazama huku na huku, bomba la bustani liko mbali, kisha akafungua kifuniko na kumwaga kahawa yake yote barabarani, ya maziwa, bado inatoa mvuke.

"Close enough," akasema, akaingia ndani haraka nisimwone uso.

Alirudi joto la Sydney limeshaanza kupungua. Alikuwa amekonda, na jino moja kati ya yale mawili lilikuwa limeanguka. Nilingoja mpaka Jumapili. Nilimkuta jikoni, birika liko motoni, meza ya pasi imefunguliwa.

"Walikufungulia?" nikauliza, hata sijaketi.

"Wifi yangu alifungua. Aliponiona alitaka kufunga, lakini majirani walikuwa ngazini na peremende zao, wote wanatazama. Akasema karibu."

Kaka alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni. Amevaa viatu ndani ya nyumba, alisema, na kamba zake zimefungwa mafundo mawili mawili. Sijui ni nani aliyemfungia, maana vidole vyake havikuwa na nguvu tena. Mwandishi aliinama akambusu mkono, akauweka kwenye paji lake la uso. Kaka hakuuvuta. Wakaleta peremende, wakaleta chai. Majirani wakasalimu, wakaona kaka na dada, wakaenda kuyatangaza mji mzima. Walipobaki wenyewe, akatoa kitabu kipya mkobani na kumwambia, "Kaka, hujawahi kunisikia nikisoma."

"Ukamsomea ile?"

"Ile."

Aliisoma yote, kwa jino lake linalocheza, kuanzia wagomaji langoni mpaka ufunguo kwenye koti. Wifi alitoka chumbani katikati. Kaka alikuwa anatazama dirishani.

Nilikuwa na swali moja tu, na yeye alilijua. Aliningoja nilitoe.

"Chai yake?"

"Hakugusa kijiko," Mwandishi akasema. "Ilipoa mpaka ikafanya utando juu."

Nikataka kumkumbatia. Akainua kiganja kunizuia, hajamaliza. Alipofunga kitabu, kaka akasema, bila kumgeukia, "Leo ni Idi, kaa ule. Kesho usije."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa, nikala. Walipika vizuri." Akapunguza moto wa birika. "Kesho yake sikwenda. Sikwenda tena. Amekufa wiki iliyopita."

Nikasema tunalosema, poleni, Mungu amrehemu. Akaitikia kwa kichwa. Akasema watu wa mji wanasema walipatana, wameuona mkono ukibusiwa, na wataendelea kusema. Nikamuuliza kama hilo linamuudhi.

"Nilimbusu mkono kwa sababu ni mkubwa wangu," akasema. "Nilisoma kwa sababu alifungua mlango wa nyuma. Wakikuuliza, waambie yote mawili. Usiwape moja."

Nimewaambia.

Kisha akanimiminia chai, akaweka sukari, akaweka kijiko, akaenda kusimama nyuma ya meza yake ya pasi. Karatasi zilikuwa mpya. Aliposoma mstari wa kwanza nikasikia mluzi mdogo kwenye pengo la jino, naye akausikia, akanikazia macho nithubutu kucheka. Sikucheka. Niliketi vizuri, na kijiko nikakisogeza karibu zaidi na mkono wangu wa kulia, apate kitu cha kushindana nacho.